Kelele za Saa Kumi

"Kelele ni nyingi mno, madam," Valentina alisema kule ndani, na Kornelia, aliyekuwa uani anapepeta ufuta, akausimamisha ungo hewani.

Hakuwa mtu wa kutega sikio kwenye mazungumzo ya mwanawe, au angalau ndivyo alivyopenda watu waamini. Lakini dirisha lilikuwa wazi, na Jumatatu ile nyumba nzima ilikuwa haina amani tangu asubuhi. Valentina alikuwa anasailiwa kazi kwa njia ya kompyuta na watu walioko Dar es Salaam, kampuni ya kufunga mitandao ya intaneti kwenye shule na zahanati. Juu alivaa blauzi yake nyeupe ya Pasaka, chini amejifunga khanga, maana watu wa Dar wasingeona chini. Walianza saa kumi alasiri vizuri tu, wakasalimiana, wakaulizana habari za mvua. Kisha sura ya yule mama aliyekuwa akimsaili ikaganda kwenye kioo, mdomo wazi, kama mtu aliyekatizwa chafya, na haikusogea tena. Sasa walikuwa wanamaliziana kwa simu.

"Hapana, madam, nguvu ya mtandao ipo. Ni kelele. Kelele zinazidi." Akasikiliza. "Alhamisi? Saa kumi tena? Nitakuwepo, madam. Asante. Asante sana."

Kornelia akaweka ungo chini, akautazama ukuta wa matofali uliotenganisha ua wake na wa jirani. Ng'ambo ya ukuta ule mashine ya kusaga ya Mwamina ilikuwa inanguruma kama kawaida yake. Mbele kidogo, barabarani, kwenye banda la mwanawe Jamali la kuonyeshea mpira, spika ilikuwa inamtangaza mchezaji fulani kwa fujo, ungedhani amefufuka. Kornelia hakuhitaji kwenda chuo kujua mwanawe amekoseshwa kazi na nani.

Tangu mkataba wake wa muda ulipokwisha mjini, Valentina alikuwa amerudi Nachingwea na vyeti vyake kwenye bahasha ya kaki, na bahasha ile ilikuwa imezunguka ofisi nyingi hadi pembe zikalegea. Watu wa mtaani walikuwa wameshaanza kuuliza kwa upole, ule upole unaouma kuliko tusi: "Bado yupo yupo tu?" Kazi hii ilikuwa ya kufanyia popote, hata hapo nyumbani, alimradi intaneti iwepo. Kwa sababu hiyo Kornelia aliuza mbuzi wake wote wawili akanunua ruta, kile kisanduku cheupe chenye taa za kijani kilichokaa sasa juu ya kabati, chini ya picha ya Mama Bikira Maria. Kila akipita alikitazama kwa heshima ileile, akijilaumu kidogo.

*

Jioni ile walikula mapema. Eusebio, mumewe, alikuwa dereva wa lori la korosho hadi macho yalipoanza kumsaliti, na tangu aache usukani alikuwa amebaki na hoja nyingi na pa kuzipeleka hakuna.

"Hebu nieleze," alimwambia bintiye. "Hiyo mistari minne ya mtandao kwenye kompyuta imejaa yote. Shida iko wapi?"

"Iko kwenye draiva, baba."

Eusebio akarudisha tonge sahanini. "Nilijua tu! Tairi likipasuka, dereva. Daraja likikatika, dereva. Sasa hata intaneti ikigoma, dereva!"

Valentina akacheka, kwa mara ya kwanza siku hiyo, na Kornelia akamshukuru mumewe kimoyomoyo kwa ujinga wake.

"Si dereva huyo, baba. Ndani ya kompyuta kuna kadi inayonasa mtandao wa hewani. Kadi na kompyuta hazielewani lugha, kwa hiyo kuna programu katikati, ndiyo inaitwa draiva. Yenyewe inaiuliza kadi: unasikia ruta kwa nguvu gani? Na hapo ulipo kuna kelele kiasi gani? Halafu inaniletea majibu. Hii ya kwangu, kwenye nguvu inasema kweli. Kwenye kelele inaongopa. Asubuhi inasema hasi tisini na tano, saa kumi inasema hasi tisini na tano, mtandao umekufa kabisa inasema hasi tisini na tano. Aliyeiandika hakujisumbua kuiuliza kadi. Ameandika namba moja, akaenda zake."

Eusebio akatikisa kichwa taratibu. Jambo hilo alilijua kwa mwili wake. "Lori langu la pili lilikuwa hivyo. Mshale wa mafuta umekwama nusu tanki. Nakwenda, mshale unasema nusu. Nakwenda, nusu. Likanizimikia porini njia ya Marambo, na mshale bado unasema nusu! Nililala hapo kwa mihogo ya kuomba."

"Basi ndiyo hiyohiyo, baba."

"Dereva wa namna hiyo anyang'anywe leseni."

"Nimeshaanza kumnyang'anya. Naiandika upya, iwe inaiuliza kadi yenyewe. Hata wakinisaili Alhamisi, kazi nitakayowaonyesha ni hiyo. Ila kuzijua kelele siyo kuziondoa."

Kornelia, ambaye mambo ya mishale hayakumhusu, aliuliza kilichomkaa moyoni. "Hizo kelele zinatoka wapi, mwanangu?"

"Sijui, mama. Asubuhi hamna. Ikifika saa tisa, saa kumi, zinakuja."

Asubuhi mashine ya Mwamina huwa haina wateja wengi, na banda la Jamali limefungwa. Kornelia alikusanya sahani kwa kishindo kikubwa kuliko ilivyohitajika.

*

Kuna sababu hakuvuka siku ileile kwenda kwa Mwamina. Mwaka uliopita, siku ya msiba wa mtaani, Kornelia alikwenda kuomba mashine izimwe watu wasali, na kabla Mwamina hajajibu, ulimi wa Kornelia ukamtangulia. Alisema, mbele ya foleni nzima ya wanawake na ndoo zao: "Mashine hii haisagi mahindi, inasaga masikio ya watu, na mwenye nayo hana masikio!" Mwamina alizima mashine, ndiyo, lakini alizima na salamu. Tangu siku hiyo Kornelia alikuwa akijitwika mahindi yake kupeleka kwenye mashine ya mbali, upande wa pili wa mji, na kila akirudi shingo ikimuuma alijiambia kuwa anatembea kwa afya yake.

Kwa hiyo kwanza alitafuta njia nyingine. Jumatano akamchukua Valentina wakaenda Ruangwa. Dada yake wa Malolo, Teodosia, alikuwa amemwambia kuna nyumba ya wageni mpya pale mjini ambayo intaneti yake inafika mpaka chooni.

Msichana wa mapokezi aliwatazama kuanzia kandambili kwenda juu. "Mnataka chumba cha kulala, au cha kupumzika tu?"

Kornelia alikuwa na rozari shingoni na bintiye pembeni. Uso ulimchoma. "Tunataka intaneti, mwanangu. Kesho saa kumi, kwa muda mfupi. Binti ana usaili wa kazi. Atakaa hata pale kwenye kona."

Msichana akamwita meneja. Meneja akatoka na kijiti cha meno mdomoni, akasikiliza akitazama simu yake. "Intaneti ni ya wageni wetu, mama. Kesho tuna watu wa semina. Sasa ninyi mkikaa hapo mapokezi na vikapu, wageni watadhani ni kliniki ya watoto."

"Tutalipia chumba," alisema Valentina.

"Vimejaa."

Nyuma yake, ubaoni, funguo zilikuwa zinaning'inia safu nzima. Kornelia aliziona, meneja akaona kuwa ameziona, na wote wawili wakatazama pengine.

Nje walikaa kwenye benchi kusubiri gari la kurudi. Muziki wa baa ya pale pale ulikuwa unapigwa hadi vikombe mezani vinatetemeka. Valentina alifungua kompyuta, akagusa gusa, akatabasamu kwa huzuni. "Ona, mama. Draiva yangu mpya inafanya kazi. Na hapa ni kimya kabisa."

Kornelia akamtazama mwanawe, akaitazama spika ya baa, kubwa kama kabati, inayobweka juu ya vichwa vyao. Akamshika paji la uso. Halikuwa na homa. Aibu, alijiambia, ikimpata mtu vibaya huziba hata masikio.

"Tutafanyia nyumbani," Valentina alisema akifunga kompyuta. "Ikikatika, imekatika. Nimejaribu, mama."

Maneno yale, "nimejaribu, mama," yalimkaa Kornelia rohoni njia nzima. Walipofika Nachingwea alikuwa ameshaamua. Atakwenda kwa Mwamina. Akitukanwa, atatukanwa.

*

Alhamisi saa tisa na nusu alijifunga khanga safi, akazunguka ukuta. Foleni ilikuwepo. Mwamina, mweupe kwa unga hadi kope, alimwona tokea mbali, akaendelea kumimina mahindi ya mteja kwenye mdomo wa mashine kana kwamba aliyeingia ni kuku.

"Hodi, mama Jamali!" Kornelia alilazimika kupaza sauti.

"Karibu. Leo umekuja bila ndoo. Umekuja kutupimia masikio?"

Wanawake wa foleni wakacheka. Kornelia alistahili, akajua anastahili, akameza. "Nimekuja kuomba, jirani yangu. Valentina anasailiwa kazi saa kumi. Kwa kompyuta. Jumatatu walimkatia sababu ya kelele. Mwenyewe nimesikia anawaambia, kelele ni nyingi mno. Wamempa nafasi hii ya mwisho. Nakuomba uzime. Mpaka amalize tu."

Mwamina akasimama na debe mkononi. Alikuwa na la kusema, ilionekana, na alikuwa amelihifadhi mwaka mzima. Lakini aliangalia khanga safi ya mwenzake, iliyofungwa kama ya kwenda mahakamani, akashusha pumzi, na mkono wake ukaenda kwenye swichi. Mashine ikapunguza mlio, ikalalama, ikakata roho. Foleni ikaguna.

"Mnaguna nini?" Mwamina aliwageukia. "Valentina si mtoto wetu? Si ndiye aliyewajazia fomu zenu za vitambulisho, hakuna aliyempa hata yai? Kaeni. Ugali wa jioni hautakimbia." Kisha kwa Kornelia: "Ukiomba kimya, omba kimya kizima. Twende kwa Jamali."

Banda la Jamali lilikuwa limejaa hadi mlangoni. Timu ya Ruangwa ilikuwa inacheza na moja ya zile kubwa za Dar, na vijana, wazee, hata fundi baiskeli aliyeacha baiskeli za watu magurudumu juu, walikuwa wamebanana kwenye mabenchi. Jamali, kijana mnene mcheshi, aliposikia ombi alishika kichwa.

"Mama zangu, leo? Leo mechi ya nyumbani? Hawa watanila nyama!"

"Bora wakule," mama yake alijibu.

"Sikilizeni. Nazima spika. Watatazama bubu. Mnaonaje?"

Kornelia akaona hiyo ni rehema tosha, akashukuru, akakimbilia nyumbani. Nyuma yake alimwacha Mwamina mikono kiunoni, akimwambia mwanawe kuwa watu hawa hata kama spika imezimwa, goli likiingia watalipuka, na kwamba yeye hakumzaa mtu wa nusu nusu.

*

Mtaa ulikuwa na kimya ambacho Kornelia hakuwahi kukisikia tangu ahamie pale. Aliingia ndani akiwa na furaha ya mtu aliyebeba zawadi. Valentina alikuwa mezani kwa blauzi nyeupe, kichwa ameinamia mikono. Eusebio alikuwa amesimama kando yake, hajui aiweke wapi mikono yake.

"Imepanda tena, mama," Valentina alisema bila kuinua kichwa. "Tangu saa nane na kitu. Hasi sitini na mbili."

"Kutoka tisini na tano kwenda sitini ndiyo kupanda?" Eusebio aliuliza.

"Ndiyo, baba. Chukulia kisima cha maji machafu. Yakiwa chini kabisa, mita tisini, hayakusumbui. Yakipanda hadi sitini, yameshafika pale unapochotea. Ruta yetu inasikika hapo hapo kwenye sitini. Kwa hiyo kadi haijui ipi ni ruta na ipi ni kelele."

"Haiwezekani," alisema Kornelia. "Kelele nimezizima. Mashine imezimwa, spika ya Jamali imezimwa. Sikiliza mwenyewe!"

Valentina akainua kichwa. Alisikiliza ule ukimya, na uso wake ukabadilika taratibu, kwanza mshangao, kisha huruma, na huruma ile ndiyo iliyomuumiza Kornelia kuliko vyote. "Mama. Ulikwenda kwa mama Jamali? Kwa ajili yangu?"

"Si ulisema kelele?"

Valentina akamshika mikono. "Kelele hizi si za masikio, mama. Ni za hewani, za mawimbi. Hata mtaa wote ukilala usingizi, zinaweza kuwepo. Ndivyo tunavyoziita tu, kwa kuwa tumekosa jina jingine."

Kornelia akakaa kwenye kiti. Kwa hiyo lile benchi la Ruangwa, na spika ya baa, na "hapa ni kimya kabisa," binti hakuwa mgonjwa. Mgonjwa alikuwa yeye. Alikuwa amesimama mbele ya foleni, amechekwa, amezima riziki ya mtu na burudani ya mtaa mzima, kwa ajili ya neno ambalo hakulielewa. Aliona aibu hadi masikio yakawa ya moto. Na kazi ya binti bado inaponyoka.

"Ngoja nikawaambie wawashe," alisema akinyanyuka. "Watu wasiteseke bure."

Alikuwa ameshafika kwenye kona ya ukuta, anatafuta maneno ya kuanzia, alipomwona Jamali akitoka chumbani kwa mama yake, amenuna, anajipangusa mikono. Na palepale sauti ya Valentina ikatoka dirishani, kali kama ya mtu aliyeona nyoka:

"Mama! Rudi! Usiwaambie kitu! Imeshuka!"

*

Ilikuwa imeshuka kama jiwe kisimani. Hasi tisini na tatu, na ikabaki hapo. Saa kumi ilipogonga, sura ya mhandisi Asmaa, yule mama wa Dar, ilitokea kwenye kioo, mdomo unasogea vizuri na chafya yake ikiwa imeshapita. Kornelia na mumewe walijibanza upande wa kabati, wasionekane.

Valentina alieleza kazi yake. Aliongea Kiswahili kilichochanganyika na maneno ya kitaalamu, Kornelia akaambulia machache, lakini aliijua sauti ya mwanawe inapokuwa imesimama kwa miguu miwili. Akaonyesha draiva ya zamani iliyokwama kwenye namba moja. Akaonyesha ya kwake, na mchoro wa mstari unaopanda na kushuka.

"Hapa," mhandisi Asmaa alimkatiza. "Robo saa iliyopita. Ilikuwa hasi sitini na mbili, ghafla hasi tisini na tatu. Kimetokea nini?"

"Kusema kweli, madam, sijui. Mama yangu alikwenda kuwaomba majirani wanyamaze."

Mhandisi akacheka, si kwa dharau. "Hilo ni jibu la kwanza. La pili ni lipi?"

Kornelia hakufikiri. Kama angefikiri, asingethubutu. Alitoka nyuma ya kabati akapita mbele ya kompyuta, akaita kupitia dirishani: "Jamali! We Jamali! Umezima nini?"

"Si mlisema kimya kizima?" Jamali alijibu toka barabarani kwa sauti ya mtu aliyeonewa. "Spika nimezima! Bado mama akanilazimisha nikachomoe na mle chumbani kwake! Dekoda, na kirushio, vyote! Watu wanatazama kioo cha bluu huku!"

"Kirushio?" Valentina akasimama, khanga yake ikaonekana Dar es Salaam nzima. "Kaka Jamali, kirushio gani?"

Aliletewa hadi dirishani. Kilikuwa kijisanduku cheusi chenye masikio mawili. Dekoda ya Jamali, ilieleweka sasa, ilikaa chumbani kwa mama yake ili isiibwe, na kijisanduku kile ndicho kilichorusha picha hewani kutoka chumbani hadi bandani, kikipita juu ya ukuta wa Kornelia, juu ya ufuta wake, katikati ya sebule yake, kila siku banda lilipofunguliwa. Chenyewe hakikuwa na mlio hata wa mbu.

"Madam," Valentina alisema, "naomba nikirudishe kwenye umeme. Tutakatika. Nikikichomoa tutarudi. Naomba usiondoke."

Eusebio akamshika mkewe mkono. Wote wawili walijua binti yao anafanya nini: analizima gari mlimani kwa hiari yake.

"Sitaondoka," alisema mhandisi Asmaa.

Jamali akakimbia. Sura ya mhandisi ikaganda. Namba ikaruka hadi sitini na mbili. Na kule bandani picha ilirudi kwa bahati ya ajabu, maana timu ya Ruangwa ilikuwa ndiyo kwanza inafunga goli. Banda zima likalipuka, kisha Jamali akachomoa, bluu ikarudi, na shangwe ikageuka kilio ambacho hata msibani hakisikiki. Watu walipiga mabati. Fundi baiskeli alisikika akiulizia ukoo wa Jamali.

Katikati ya ghasia hiyo sura ya mhandisi Asmaa iliyeyuka ikarudi hai. Alikuwa anacheka hadi miwani imepanda.

"Unawasikia, madam?" Valentina alimwambia. "Hiyo ni kelele ya masikio. Sasa itazame namba."

Hasi tisini na tatu. Haikushtuka hata kidogo.

Mhandisi aliivua miwani, akaifuta. "Binti, watu wanatuletea vyeti," alisema. "Wewe umetuletea mtaa mzima. Barua itakufikia kwa utaratibu wake. Ila usiende kuomba kazi kwingine."

Kornelia alilia palepale mbele ya kabati, waziwazi, bila kujificha kwa khanga. Alimlilia Mungu asante, akawalilia mbuzi wake asante. Kisha akatoka nje mbio akiwa na neno moja la kuwaambia watu wa bandani, nalo lilikuwa: "Washeni!" Walikuta kipindi cha pili hakijaanza.

*

Jumamosi asubuhi, Valentina akiwa juu ya ukuta na Jamali wanapitisha waya mrefu kutoka chumbani hadi bandani, ili picha ya mpira isisafiri tena hewani, Kornelia alipima mahindi kwenye ndoo, akajitwika. Hakwenda upande wa pili wa mji. Alizunguka ukuta.

Foleni ilimpisha kwa macho. Mwamina alimpokea ndoo kichwani, akaimimina, mashine ikanguruma. Kornelia alikuwa amelipanga hilo. Alitaka kulisema lililomleta katikati ya mngurumo, lipite hapo, limfikie aliyekusudiwa na lisimfikie mwingine yeyote. Akamsogelea sikioni, akasema.

Mwamina akaweka kiganja nyuma ya sikio. "Nini?"

Kornelia akarudia, kwa nguvu zaidi.

"Sikusikii, mama Valentina!"

Na kabla hajazuiwa, Mwamina alinyoosha mkono akazima mashine. Mlio ukashuka, ukalalama, ukaisha. Unga ukabaki unaelea. Wanawake wote na ndoo zao waligeuka, na mtaa ulikuwa kimya kabisa.

"Haya. Ulikuwa unasemaje?"

Kornelia aliangalia foleni. Nyuso zilikuwa karibu zilezile za mwaka jana. Akavuta pumzi, akapaza sauti, ingawa sasa hapakuwa na haja.

"Nimesema asante, mama Jamali. Na lile neno nililokwambia siku ya msiba, mbele ya watu hawa, nimelifuta. Masikio unayo. Asante sana."

Mwamina alijipangusa unga mashavuni kwa kiganja, na macho pia.

"Nilikusikia tangu mara ya kwanza," alisema. "Nilitaka na hawa wasikie."

Kisha akawasha mashine.